Donge Mlangoni pa Saluni

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana mtu, na mama hakunilea hivyo.

Asubuhi nilifungua saluni kama kawaida. Chepkosgei, mwenzangu wa kusuka, alikuwa anachemsha maji, nami napanga nywele bandia ukutani. Lenah alikuwa ameahidi kuja mapema asukwe kabla ya kwenda kwao kuvuna mahindi. Akafika, akainua mguu kuvuka kizingiti, akauacha hapo hewani.

"Vivian, hii ni nini?"

Kwenye kizingiti palikuwa na kitu kirefu kama kidole, kimelowa, kimesokoteka vizuri utadhani kuna mtu aliketi akakisokota. Nywele. Za kijivu na nyeupe, na katikati uzi mweusi wa rasta.

"Ni paka ametapika," nikamwambia, maana nilipofungua nilimsikia Meneja, paka wangu, akikohoa na kujikunja.

"Paka anakula nywele ya watu?"

Asiyesuka hawezi kujua uzito wa swali hilo. Hapa kwetu Tuwan, mjini Kitale, mteja akimaliza kusukwa haondoki akaacha nywele zake. Zile zilizokatikia kwenye chanuo ninazifagia akiona, ninamfungia kwenye gazeti, anaenda kuzichoma mwenyewe au kuzitupa chooni kwake. Watu wanaogopa nywele zao zikiokotwa na mwenye nia mbaya. Mimi siwacheki. Nimewafungia magazeti tangu nianze kazi hii na sijawahi kumrudisha mtu nyumbani bila nywele zake. Halafu leo mtu anatazama mlango wangu kana kwamba mimi ndiye mwenye nia mbaya!

Lenah hakuketi. Alisema amekumbuka ameacha sufuria kwa moto. Sufuria! Ameniona mtoto.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani leo benchi letu lilikuwa na nafasi tele. Nilikaa pale kwa raha, kama mgonjwa wa upele.

Jumanne, 8 Oktoba

Sasa nimejua habari zimetembezwa na nani. Ni Sista Gladwell, mwenye stoo ya nafaka iliyo ukuta mmoja na saluni yangu. Ndiye pia anayeongoza kikundi cha maombi cha akina mama wa laini yetu ya maduka. Huu ni msimu wake: magunia yamejaa mpaka barazani, na kati ya magunia analala paka wake, Askari, anayeyalinda dhidi ya panya. Namtaja Askari kwa sababu mtu anayefuga paka angepaswa kujua paka hufanya nini.

Nilimkuta amesimama nje na wanawake wawili watatu.

"Vivian, mimi sisemi kitu," akaanza. Akisema hivyo ujue anasema. "Lakini nywele ikisokotwa ikawekwa kwa mlango, hiyo si kazi ya paka."

"Sista, ni paka. Anajilamba, anameza manyoya, yanakwama tumboni, anatapika."

"Askari anajilamba kila siku. Mbona hajawahi?"

"Askari ana manyoya mafupi. Huyu wangu yake ni marefu."

"Ati marefu." Akawageukia wenzake. "Si mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Walichosikia sijui, lakini si nilichosema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua juu ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kila mtu anaanika na kuanua. Hakuna aliyekuja kusukwa. Leo angalau nina cha kusingizia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimempigia Harleen. Huyu ndiye aliyenipa Meneja. Baba mkwe wake, Mzee Manjit, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na walipohamia Nairobi Harleen alinililia kuwa paka hawezi safari. Nikamchukua. Jina la Meneja tumempa sisi, maana siku ya kwanza tu alipanda kiti cha mteja akatukagua.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Unamchana?"

"Nani?"

"Paka, Vivi. Kila siku lazima umchane. Huyo ana nywele mrefu sana, usipotoa wewe atameza yeye. Na chakula gani unampa?"

"Ugali na chai ya maziwa."

Akaniita jina langu lote, kama mwalimu. Akasema paka hali ugali, paka anakula nyama na samaki, na maji anywe mengi, na chakula chake kiwe na maji maji ili kinachomezwa kiteremke kisikwame.

"Mbona hukuniambia hiyo siku ya kwanza?"

"Si wewe ni mtu wa nywele? Nilidhani hiyo unajua."

Niliaga kwa heshima, nikakata simu, halafu nikautukana ukuta. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Tangu asubuhi hadi jioni nachana vichwa vya watu, na huyu amelala hapo miguuni pangu na manyoya yamemshikana kama zulia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemchana. Yaani tumepigana. Chepkosgei alishika mbele, mimi nikaanza nyuma, na nilifanya kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wa saluni: nilianzia kwenye shina. Akanipiga kucha mkono mzima. Nikatulia, nikaanza upya kama ninavyomchana mtoto ambaye kichwa humuuma akiguswa tu: ncha kwanza, chanuo la meno mapana, panaposhikana ninashika kwa vidole ili asivutwe ngozi, halafu ndiyo napanda. Mwisho nikampitisha chanuo dogo. Kwapani na nyuma ya masikio ndiko kulikokuwa na maajabu.

Manyoya yaliyotoka yangejaza mto wa mtoto. Na yote hayo yalikuwa njiani kwenda tumboni!

Nimeyafunga kwenye gazeti, nikayachoma hadharani. Gladwell aliuona moshi. Bila shaka nao una maana yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Donge lingine mlangoni. Manyoya aliyoyameza zamani hayajaisha, na Meneja, kwa akili zake, haoni mahali pengine pa kutapikia katika Kitale nzima isipokuwa kizingiti cha saluni.

Mzee Gichuki, mwenye nyumba, amekuja mwenyewe. Hakuingia ndani. Mtu anayemiliki kuta hizi, amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, mikono mfukoni.

"Vivian, mimi si wa kuamini hizi vitu," akasema. "Lakini wapangaji wananisumbua. Toa hiyo paka ama utoe saluni. Nakupatia mpaka mwisho wa mwaka."

"Mzee, nikimtoa paka, si watasema nimeficha ushahidi?"

"Hiyo sasa ni yako na wao."

Akaenda zake. Haamini, lakini anafukuza. Bora angeamini nijue moja.

Nimempa Meneja omena, dagaa wa ziwani, waliochemshwa bila chumvi, na mchuzi wake. Chai amekatazwa. Amenikasirikia, nami nimemwambia ajiunge na foleni ya walioninunia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wateja: hakuna. Chepkosgei amenisuka mimi ili vidole visisahau.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekuja kwetu Kabuchai kumsaidia mama kuvuna. Meneja nimemleta kwenye kikapu, kwa sababu sikuthubutu kumwacha laini ile bila mimi. Mama alipofunua kitambaa akakifunika tena.

"Umeacha watu wote Kitale ukaleta paka?"

"Mama, ni mgonjwa."

"Basi anaenda wapi? Hapa ni hospitali?"

Jumapili, 10 Novemba

Leo nimeogopa, niandike tu hivyo.

Tangu jana Meneja hajagusa chakula. Asubuhi alijificha chini ya kitanda cha mama, akawa anajikunja na kukohoa ile sauti ya kukwangua, shingo imenyooka, na hakuna kinachotoka. Anatulia, anajaribu tena. Hakuna. Tumbo limekuwa gumu. Nimemwekea maji akageuza uso.

Nilipokwenda kisimani, kaka yangu Bramwel akaamua kusaidia. Bramwel ana ng'ombe, na ng'ombe akivimbiwa dawa yake hapa kwetu ni mafuta ya kupikia kwenye chupa: unainua kichwa, unaingiza chupa pembeni mwa mdomo, unamimina. Nimerudi nikamkuta amembana paka kwa magoti, kichwa cha Meneja kimeinuliwa kama cha ndama, na chupa ya soda yenye mafuta iko mdomoni.

Nilipiga kelele iliyowatoa majirani shambani.

"Sasa unalilia nini?" Bramwel akashangaa. "Si amefunga choo? Hata ng'ombe ya mzee wa hapo jirani nilitibu hivi."

"Huyu ni ng'ombe? Bramwel, unaona pembe?"

Meneja alikuwa anakohoa mafuta puani. Nilimkumbatia nikakaa chini hapo hapo kwenye maganda ya mahindi, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni: ya Gladwell, ya Lenah na sufuria yake, ya Gichuki asiyeamini, ya Bramwel na chupa yake. Watu wote hawa wana hakika, na anayebeba hakika zao ni kiumbe cha kilo nne ambacho kosa lake ni kujisafisha.

Mama alinitazama. Akaingia ndani, akatoka na shali yake ya kanisani. "Mfunge na hii. Kesho asubuhi unampeleka Bungoma mjini kwa daktari wa mifugo. Bramwel, wewe utawapeleka, na ukiwa njiani usiseme kitu."

Jumatatu, 11 Novemba

Daktari anaitwa Chelimo, msichana mdogo kuliko mimi. Watu wa foleni walikuwa na kuku na ndama, na mmoja akaniuliza huyo paka anatoa maziwa lita ngapi. Nikamwambia nyingi kuliko akili yake.

Chelimo alilipapasa tumbo taratibu, akasikiliza kifua. "Nani alimpa mafuta?"

Bramwel akatazama dari.

"Paka hanyweshwi kwa chupa. Ikiingia kwa mapafu, mnamuua mkidhani mnamtibu. Mna bahati." Akamdunga maji chini ya ngozi na dawa nyingine, akamweka hapo kutwa nzima. Akatuambia lile donge lisiposogea itabidi apasuliwe.

Nilikaa kwenye benchi. Bramwel alikaa pembeni yangu. Mchana akaninunulia mandazi bila kusema kitu, kama alivyoagizwa.

Jioni Meneja alienda choo. Chelimo ametuita kuona, na mimi na kaka yangu, watu wazima, tumesimama kutazama kinyesi cha paka tukitabasamu kama tumepata mtoto. Kilikuwa manyoya matupu.

Chelimo amenisifu kwa kuanza kuchana, ila yaliyokuwa ndani yalikuwa ya miezi. Nichane kila siku. Chakula kiwe laini, chenye maji. Na malenge: yachemshwe, yapondwe, bila chumvi wala sukari, kijiko kidogo tu ndani ya omena, yamsaidie kusukuma. Nyuzi za rasta zisibaki sakafuni kabisa, hizo ni hatari kuliko manyoya.

Jumatano, 13 Novemba

Narudi Kitale. Mama ameniletea malenge mawili makubwa kutoka shambani.

"Si ya paka," akasema kabla sijashukuru. "Ni yako. Ukitaka kumpa paka shauri yako."

Halafu akainama kwenye kikapu kuangalia kama amelala.

Jumatatu, 18 Novemba

Amechanwa. Amekula. Mlango msafi.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimefika kazini nikakuta kikundi cha maombi kizima mbele ya saluni. Hakuna aliyeniuliza. Sista Gladwell alikuwa amekwisha kupakaza mafuta kwenye fremu ya mlango mpaka kwenye kufuli, na ufunguo ukawa unateleza mkononi.

"Tunakuombea, Vivian," akasema. "Usichukie."

"Sista, mimi naomba pia. Lakini paka wangu nimemtibu. Daktari amemtibu. Namchana kila asubuhi, nampa malenge. Hilo donge hamtaliona tena."

"Amina!" wakaitikia wote.

Walidhani natoa ushuhuda.

Jumanne, 3 Desemba

Mlango msafi. Amechanwa, amekula.

Jumamosi, 7 Desemba

Wamerudi! Mahindi yameuzwa, Krismasi inakuja, na kila mwanamke anataka kichwa kipya. Leo tumesuka mpaka viganja vimekufa ganzi. Lenah ndiye aliyekuwa wa kwanza, kana kwamba sufuria ile hatimaye imeiva.

"Tangu maombi hakuna kitu imeonekana kwa mlango," akasema akiwa ameinamisha kichwa mikononi mwangu. "Sista Gladwell ana upako, bana."

Chanuo lilisimama. Chepkosgei akanikanyaga mguu.

Upako! Mikwaruzo niliyo nayo mkononi mpaka kiwiko, benchi la Bungoma, omena ninaochagua mchanga mmoja mmoja, malenge ninayoponda kabla sijanywa chai yangu, yote hayo amekwenda nayo mtu aliyepaka mafuta kwenye kufuli yangu. Nikiendelea kumtibu paka, yeye ndiye anayethibitishwa. Kila asubuhi mlango ukiwa msafi, Gladwell anapanda daraja.

Jumatano, 11 Desemba

Mzee Gichuki amepita. Amesema nibaki na saluni na paka pia, kwa kuwa "mambo yametulia." Sikumwuliza yametulizwa na nani, maana nisingevumilia jibu.

Alhamisi, 12 Desemba

Chepkosgei amekuja na wazo tukifagia.

"Wacha kumchana. Mpatie ugali yake. Mteja wakijaa siku moja, atatapika mbele yao wote. Waone na macho. Jina lako litasafishika."

Nakiri kwamba wazo hilo lilikuwa tamu. Leo asubuhi sikumchana. Nilimwacha alale kwenye kiti, akajilamba mgongo, akajilamba tumbo, ulimi unaenda na kurudi, na kila anapomeza nikajisemea: meza, Meneja, meza, mmoja huo wa Lenah, mwingine wa Gladwell.

Kisha akakohoa. Kidogo tu, huenda ni vumbi la magunia. Lakini mimi nilirudi chini ya kitanda cha mama, nikaisikia ile sauti ya kukwangua ambayo haikutoa kitu. Nilichukua chanuo, na mteja niliyemwacha na nusu kichwa alisubiri.

Waseme wanavyotaka. Jina langu litakaa chafu, tumbo lake litakaa safi. Lakini nimekasirika, na naomba shajara hii iweke hilo.

Jumanne, 24 Desemba

Sista Gladwell ameketi kwenye kiti changu. Mistari ya kurudi nyuma, nyembamba. Nimemsuka vizuri kuliko nilivyotaka. Akamaliza, akaomba nywele zake, nikafagia akiona, nikamfungia.

"Unaona vile Mungu ni mwaminifu?" akaniambia mlangoni.

"Naona, Sista."

Meneja alipiga miayo kwa niaba yangu.

Jumatatu, 30 Desemba

Nilikuwa nimefungua nusu mlango tu, maana baada ya Krismasi hakuna kazi. Gladwell akaingia kupitia nyuma, kupitia uani, njia ambayo hajawahi kuitumia. Alikuwa na kikapu kimefunikwa leso.

"Vivian, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Sista."

Kikapu kikakohoa. Sauti ile ile ya kukwangua.

Akafunua. Askari, macho yamelegea, manyoya yamejaa vumbi la mahindi ya msimu mzima, na mgongoni yakitoka yenyewe kwa kushikwa tu. Gladwell hakunitazama usoni.

"Tangu jana. Anataka kutapika, haiwezi. Watu wa stoo wanasema nimnyweshe mafuta na chupa."

"Usithubutu!"

"Nimekataa. Nimekuja kwako."

Maneno yalinijaa mdomoni, yote niliyoyaandika humu tangu Oktoba. Nikachagua machache.

"Sista, si ungemwombea?"

"Nimeshaomba," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa leta hiyo chanuo."

Nilimpapasa Askari tumbo kama nilivyoona kwa Chelimo. Lilikuwa laini bado, na maji alikunywa. Nikampigia daktari pale pale. Akasema kama anakunywa nimchane, nimpe omena na malenge, na akikataa kula hadi kesho tumpeleke bila kuchelewa. Nikachukua chanuo la meno mapana, nikachukua na kiti.

"Hapa ndani kuna giza," nikamwambia. "Tutamchania kule mbele, mlangoni. Wewe utamshika."

Alinielewa. Nilimwona akiutazama mlango, na laini yote iliyo nje yake, watu wakianika mahindi barazani. Askari akakohoa tena. Gladwell akainua kikapu, akatoka, akaketi kwenye kizingiti changu, paka mapajani.

Nilianza na ncha. Manyoya yakatoka, marundo kwa marundo, ya kahawia, yakaanguka kwenye kizingiti na juu ya viatu vyake. Watu wakaacha mahindi. Lenah alikuwa wa kwanza kufika, mkono mdomoni.

"Sista Gladwell! Hii yote ni nini?"

Gladwell aliinua kichwa, chenye mistari niliyomsuka mwenyewe, akamtazama kwa hasira.

"Ni nywele ya paka," akasema. "Wewe hujawahi kuona nywele ya paka?"